Neno "Panya" na Tafsiri za Elimu-Viumbe: Uhakiki wa Mswada Mmoja

Mswada tunaokusudia kuujadili ulitufikia kwa njia ya kawaida: mfasiri aliumaliza, mchapishaji akataka istilahi zake zitazamwe kabla haujapigwa chapa. Ni kijitabu cha kurasa arobaini na kitu, kilichokusudiwa walimu wa elimu-viumbe katika shule za sekondari, na mada yake ni mageuko ya jamii moja ya wagugunaji wa nchi za kaskazini ambao Waingereza huwaita vole. Jina la mfasiri hatutalitaja, kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Mengi yamo katika kamusi na orodha tunazozitumia sote, naye ameyarithi tu. Aidha Kiswahili chake ni kizuri, tena kinasomeka bila kuchosha. Ndiyo maana tumeona inafaa kuuhakiki mbele ya wasomaji, kwani kazi mbovu hutupwa na jambo likaishia hapo, lakini kazi nzuri iliyokwama huonyesha mahali ambapo sote tutakwama.

Mahali pa kwanza ni jina la mnyama mwenyewe. Mswada unamwita panya tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Inapobidi kumtenga na panya wa kweli, mfasiri huongeza sifa: mara panya wa kaskazini, mara panya mkia-mfupi, mahali pengine panya-shamba, na pengine tena panya-nyasi. Msomaji anaweza kuuliza ubaya uko wapi. Mnyama ni mdogo, ana manyoya, anaguguna, anaharibu mazao. Je, huyo si panya? Kwa mazungumzo ya barazani hatuna ugomvi. Lakini kijitabu hiki kinaeleza nasaba, na katika maelezo ya nasaba jina ndiyo hoja yenyewe. Panya wa majumbani na kipanya wamo katika familia ya Muridae. Wanyama wa mswada huu wamo katika familia nyingine, Cricetidae, pamoja na hamsta, na ndani ya familia hiyo wana tawi lao, Arvicolinae, wakiwa na lemingi. Matawi hayo yaliachana mamilioni mengi ya miaka iliyopita. Matokeo yake ni kwamba katika ukurasa wa sita, mahali ambapo mwandishi wa asili anaeleza tofauti hiyo, mfasiri amejikuta akiandika kwamba panya hawana udugu wa karibu na panya. Hakuna mwalimu atakayeweza kuifundisha sentensi hiyo.

Isidhaniwe kwamba kosa hili limetokana na umaskini wa lugha. Kiswahili hakiwachanganyi wagugunaji. Buku ni buku, ndezi ni ndezi, fuko ni fuko, na kindi na nungunungu wana majina yao. Hata kirukanjia na sange, ambao mgeni akiwaona kwa mbali atasema ni panya, wenyeji wamewatenga, na elimu-viumbe imekuja kuthibitisha kwamba hao si wagugunaji kabisa. Wazee waliotoa majina hayo walitazama mnyama anakula nini, anakaa wapi, ana pua ya namna gani. Kwa hiyo mazoea ya kumwita kila mnyama mdogo mwenye mkia "panya" ni mazoea ya meza ya mfasiri, ambaye kamusi yake ina safu mbili na safu ya pili ina neno moja tu.

Tukija kwenye sifa alizoziongeza, kila moja ina mwenyewe. Panya-shamba tayari ni jina la mnyama anayejulikana sana nchini Tanzania, yule ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, mharibifu wa mahindi ambaye wakulima wa Morogoro wanamfahamu vizuri na ambaye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kimemfanyia utafiti kwa miaka mingi. Mwalimu wa Kilosa akisoma kwamba panya-shamba ana kromosomu za ajabu, atamtafuta shambani kwake, na kumbe hayupo. Panya-nyasi nalo lina hatari yake, maana Afrika Mashariki ina mgugunaji wa jenasi ya Arvicanthis anayeishi katika nyasi na anayefaa kuitwa hivyo kuliko yeyote. Kwa upande mwingine wanyama wa mswada huu hawapo Afrika kusini ya Sahara. Wako Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, na upande wetu wa dunia wanafika Libya tu.

Iko sababu kubwa zaidi ya kuyakataa majina yanayojengwa kwa umbo na chakula. Katika milima ya Kenya na Kilimanjaro yupo mgugunaji wa jenasi ya Otomys. Ana mkia mfupi, uso butu, masikio madogo, anakula majani, na magego yake yamejipanga kwa mabamba ya enameli kama tuta na mfereji. Ukimweka kando ya mnyama wa mswada huu utasema ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo, Otomys yuko upande wa panya wa kweli, na ufanano wake na wale wa kaskazini umetokana na kazi moja, yaani kusaga nyasi. Hili ni somo zuri mno la mageuko kwa mwanafunzi wa Arusha au Nyeri, lakini haliwezi kufundishwa iwapo jina tulilolichagua limekwisha kuwatia wote wawili katika kapu moja.

Tunapendekeza basi neno litoholewe: voli. Tulifikiria pia arvikola, kwa kuwa linatokana na jina la kitaalamu na halina utaifa. Tumeliacha kwa sababu Arvicola ni jenasi moja tu ya tawi hili, ile ya wakaao kando ya maji, na kulitumia kwa wote kungetuletea upya vurugu ileile tunayoikimbia. Wapo watakaosema kwamba voli ni mkwaju wa mpira upigwao kabla haujagusa ardhi. Upatanisho wa sarufi unatosha kuwatenga: voli huyu anaguguna, voli ile iliingia golini. Wapo pia watakaosema kwamba tumekuwa wepesi wa kukopa Kiingereza. Hao tunapenda kuwakumbusha kwamba Waingereza wenyewe walilikopa. Zamani walimwita mnyama huyu panya wa shamba au panya wa maji, kama mfasiri wetu alivyofanya, na neno lao la sasa liliingia katika vitabu mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya kaskazini mwa Scotland, ambako lilibaki kutokana na lugha ya Kinorsi, likiwa na maana ya uwanda. Katika visiwa vya Orkney hata mnyama mwenyewe ni wa kuja. Bara la Uingereza halina spishi hiyo, na uchunguzi wa jeni uliotolewa mwaka 2013 unaonyesha kwamba voli wa Orkney wana asili ya pwani ya Ubelgiji na Ufaransa, wakapelekwa na watu kwa vyombo vya majini miaka ipatayo 5,000 iliyopita. Neno lililosafiri kiasi hicho halitadhurika kwa kuvuka bahari moja zaidi.

Sehemu ya pili ya mswada inahusu visukuku, na hapo ndipo tafsiri ya neno kwa neno imeleta hasara kubwa zaidi. Wataalamu wa Uingereza hutumia magego ya voli kukadiria umri wa matabaka ya udongo, na kwa utani wameupa utaratibu huo jina la saa. Mfasiri ameandika "saa ya panya". Mswahili akisikia saa ya panya ataelewa ule wakati wa usiku ambapo taa zimezimwa na panya wanatoka darini. Kwetu sisi saa ni chombo na pia ni wakati, na neno likifuatwa na "ya" pamoja na jina la kiumbe, wakati ndio hutangulia akilini. Tumependekeza kipima-umri cha voli. Halina utani wa asili, lakini mwalimu hatalazimika kulitetea mbele ya wanafunzi wanaocheka.

Utaratibu wenyewe unastahili kuelezwa, kwa sababu kosa la mfasiri linaufunika. Nyasi zina chembe ngumu kama mchanga, nazo hula jino. Voli wa kale wa jenasi ya Mimomys walikuwa na magego ambayo yaliota kwa muda, kisha yakafunga mizizi na kuacha kuota. Mnyama akizeeka, jino limekwisha. Katika vizazi vilivyofuata mizizi ilichelewa zaidi na zaidi kufunga, mpaka wakatokea voli wa jenasi ya Arvicola ambao gego lao halifungi mizizi kabisa bali huota maisha yote. Matabaka ya West Runton na Pakefield, mashariki mwa Uingereza, yana Mimomys mwenye mizizi. Tabaka la Boxgrove, kusini, lina Arvicola asiye nayo. Ndiyo kusema Boxgrove ni changa kuliko yale mengine mawili. Jambo hili si la wagugunaji peke yao. Pakefield vilipatikana vipande vya mawe vilivyochongwa na binadamu, habari iliyotangazwa mwaka 2005, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 700,000 hivi. Boxgrove ulipatikana mfupa wa muundi wa binadamu mwaka 1993, nao unakadiriwa kuwa na miaka 500,000. Historia ya binadamu katika kisiwa kile imeegemea, kwa sehemu, jino ambalo ni dogo kuliko punje ya mpunga.

Sasa mfasiri ameandika "magego yasiyo na mizizi" bila maelezo. Kwa msomaji wetu jino lisilo na mizizi ni jino bovu, linalotikisika, la kung'olewa. Mwalimu atafahamu kwamba voli waliendelea kupoteza meno, kinyume kabisa cha hoja. Tumeandika pambizoni: gego la kuota daima, na kwa kinyume chake gego lenye kufunga mizizi. Ni maneno mengi, tunakubali. Lakini kukosa mizizi ni dalili tu, na kuota daima ndiyo maana; istilahi ikilazimika kuchagua, ichague maana.

Katika sehemu ya tatu, ya jenetiki, tulitarajia matatizo ya utohozi, na tukashangaa kukuta kwamba jeni, kromosomu na protini zimekaa mahali pake bila taabu. Kilichokwaza ni maneno ya Kiswahili chetu cha kila siku. La kwanza ni maendeleo. Mfasiri ametumia maendeleo na mageuko kwa kupokezana, pengine kwa kuogopa kurudiarudia. Maendeleo ni neno lenye mwelekeo. Barabara, zahanati na shule ni maendeleo, na anayerudi nyuma hana maendeleo. Mageuko hayana mwelekeo wa namna hiyo, na voli ni shahidi mzuri. Yupo voli aishiye ardhini kama fuko, Ellobius lutescens, katika nchi za Uturuki, Iran na Kaukazi. Dume na jike wote wana kromosomu 17 na X moja tu. Kromosomu ya Y haipo, wala jeni ya SRY ambayo katika mamalia wengi ndiyo huanzisha udume. Madume huzaliwa hata hivyo. Mswada unasema kwamba voli huyu "ameendelea" hata akapoteza Y. Je, kupoteza ni maendeleo? Wala si kurudi nyuma. Ni kugeuka, na neno hilo tunalo.

Voli wa Oregon, upande wa magharibi wa Marekani, ni mfano wa kuhitaji uangalifu zaidi. Seli za mwili wa jike zina kromosomu 17 na za dume 18. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ya kumi na nane ni Y. Mwaka 2021 watafiti walieleza katika jarida la Science kwamba hiyo ni X iliyoungana na jeni za iliyokuwa Y, na kwamba Y yenyewe kama tuijuavyo imetoweka. Hapa mfasiri ametumia "kromosomu za ngono", na amefanya hivyo mara kumi na moja. Ngono ni tendo. Kinachotajwa ni hali ya kuwa dume au jike, na kwa hali hiyo tunalo neno jinsi: kromosomu za jinsi. Tunasisitiza jambo hili kwa ajili ya mwalimu wa kidato cha tatu, ambaye akiandika neno lile la kwanza ubaoni hatapata utulivu darasani kwa wiki nzima.

La tatu ni udugu. Jenasi ya Microtus imetokea katika kipindi kisichozidi sana miaka milioni 2, nayo ina spishi zipatazo sitini. Katika mamalia ni wachache waliogawanyika kwa kasi hiyo. Idadi ya kromosomu katika spishi hizo ni kuanzia 17 hadi 64, lakini kwa macho nyingi hazitofautiani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa Kisovieti waligundua kwamba voli waliodhaniwa kuwa spishi moja walikuwa spishi mbili, moja yenye kromosomu 46 na nyingine 54. Huko Svalbard, visiwa vya Norwei karibu na ncha ya dunia, walikuwako voli ambao vitabu viliwaandika kuwa ni wa ile ya kwanza. Mwaka 1990 kromosomu zilipohesabiwa ikaonekana ni wa ile ya pili. Spishi za namna hii mfasiri ameziita "spishi za kaka na dada", akifuata Kiingereza hatua kwa hatua. Picha inayojengeka ni ya spishi moja ya kiume na nyingine ya kike. Tulifikiria spishi ndugu, lakini ndugu kwetu ni pamoja na binamu na jirani na mwanachama mwenzetu. Spishi pacha inatosha: waliofanana hata mama mzazi huhitaji alama ya kuwatambua.

Kuhusu voli wa mbuga za Marekani hatutasema mengi. Dume na jike wa spishi hii, Microtus ochrogaster, hukaa pamoja na kulea watoto pamoja, na mfasiri ameiita hali hiyo "ndoa ya mke mmoja". Ndoa ina mahari, mashahidi na talaka. Tena vipimo vya jeni vimeonyesha kwamba si watoto wote wa kiota kimoja ni wa dume yule akaaye humo, kwa hiyo hata sehemu ya pili ya istilahi haina ukweli. Tumependekeza maisha ya jozi. Penye "jeni ya mapenzi" tumefuta kabisa na kuandika jeni ya kipokezi cha oksitosini, kama ilivyo, hasa kwa kuwa mwaka 2023 watafiti wa California walionyesha kwamba voli walioondolewa jeni hiyo waliendelea kushikamana wawiliwawili.

Huenda mtumishi wa serikali aliyetusoma hadi hapa anajiuliza kama mambo haya yanamhusu mtu yeyote nje ya darasa. Tumwombe afikirie mfasiri aliyeajiriwa na idara ya afya huko Sweden au Finland, ambako leo wako wasemaji wa Kiswahili wengi, hasa kutoka Kongo. Katika nchi hizo uko ugonjwa wa homa na figo unaosababishwa na virusi vya Puumala. Virusi hivyo hukaa katika spishi moja ya voli mwenye manyoya mekundu-mekundu, na mtu huvivuta kwa pumzi pamoja na vumbi lenye kinyesi chake anapofagia banda la kuni au nyumba iliyofungwa majira ya baridi. Virusi vya jamii hii kwa kawaida havitangitangi. Kila kimoja kina mgugunaji wake, na panya wa majumbani anabeba kingine, kiitwacho Seoul. Tangazo likisema "jihadhari na panya", mama wa Uvira aliyehamia Umeå atanunua mtego na kuuweka jikoni, kisha atachukua ufagio aende bandani. Kwa tangazo hilo tungependekeza voli mwekundu, pamoja na picha yake, na maelezo kwamba huyu si panya wa jikoni.

Mswada tumeurudisha kwa mfasiri ukiwa na alama zetu, naye amekubali mengi na kuyapinga mawili. Anaona kipima-umri ni kirefu, na anataka spishi ndugu ibaki. La kwanza tuko tayari kulifikiria. La pili hapana.

Limebaki jambo moja ambalo hatuna jibu lake. Ukurasa wa 31 una mchoro wa gego la voli lililotazamwa kutoka juu: mstari wa enameli unakwenda kushoto na kulia, ukifanya pembetatu zinazopishana, na kwa idadi na umbo la pembetatu hizo spishi hutambuliwa. Mfasiri ameandika zigizaga. Sisi tumeweka, kwa muda, pembetatu za kupishana. Lakini mchoro huo msomaji wa pwani ameuona mara nyingi katika mikeka. Wasomaji wanaojua ususi, au wenye wazazi wanaosuka, watuandikie jina la mchoro huo katika ukili, pamoja na mahali linapotumika. Barua zitakazotufikia kabla mswada haujaingia mitamboni zitazingatiwa.